Simu ya kuazima haimsitiri mtoto

Ingia saluni ya kusuka nywele siku ya Jumamosi, panda daladala la Mbagala jioni, au kaa kwenye benchi la zahanati ukisubiri kuitwa. Kuna kitendo kimoja utakiona kikijirudia. Mtoto anaanza kulalamika. Mama, baba, shangazi au kaka anaingiza mkono mfukoni, anafungua simu kwa kidole chake, anamkabidhi mtoto, kisha anaendelea na mazungumzo yake. Kelele zinaisha. Hakuna anayeuliza mtoto ameingia wapi.

Nyumbani kitendo hicho hicho huja kwa sura ya heshima zaidi. "Mama, naomba simu, mwalimu katuma homuweki kwenye grupu." Nani atamnyima mtoto anayetaka kusoma? Simu inatolewa, mlango wa chumba unafungwa, na kazi ya hesabu tano inamaliza saa mbili.

Tunapozungumzia usalama wa watoto mtandaoni, mara nyingi tunamchora mtoto mwenye simu yake, akaunti yake na siri zake. Huyo yupo, lakini watoto wengi wa darasa la kwanza hadi la saba ninaowaona hawako hivyo. Wanaazima. Wanaingia mtandaoni kwa laini ya mama, kwa akaunti ya baba, kwa bando la dada anayeuza duka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nami nasema simu ya kuazima haimsitiri mtoto. Kazi ya kumlinda mwanafunzi wa shule ya msingi inaanza kwenye simu ya mtu mzima anayemwazima, kabla hatujafika kwenye sheria, semina au kampuni za ng'ambo.

Miaka 9 kwa akaunti ya miaka 38

Wenye WhatsApp, TikTok, Instagram na Facebook wanasema katika masharti yao kwamba mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13. Namba hiyo haikuchaguliwa Dodoma wala Nairobi. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya mtandaoni taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kwa hesabu za shule zetu, mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7 hufikisha 13 anapokaribia kumaliza darasa la saba. Yaani kwa masharti ya wenye mitandao wenyewe, karibu shule nzima ya msingi haikupaswa kuwamo.

Lakini mtoto anayeazima haulizwi umri. Akaunti iko tayari, ilifunguliwa na mtu wa miaka 38. Mfumo unaochagua video za kumwonyesha unaangalia yale ambayo mwenye akaunti amekuwa akiyatazama wiki nzima: malumbano ya wanasiasa, ugomvi wa wasanii, vichekesho vya chumbani, mahubiri, ajali, utabiri wa mechi kwa wanaobeti. Mtoto akitafuta katuni atapata katuni. Katuni ikiisha, video nyingine inaanza yenyewe, na baada yake nyingine. Mfumo hauwezi kujua kwamba kidole kinachogusa kioo muda huu ni cha mtoto wa darasa la tatu. Kwa hesabu zake, mwenye akaunti kaamua tu kupumzika kidogo na katuni.

Hapo ndipo ulinzi mwingi uliotengenezwa kwa ajili ya watoto unapokwama. Akaunti za vijana zinazozuia ujumbe wa watu wasiojulikana, vikomo vya muda, vichujio vya lugha chafu, vyote vinasubiri kwanza mtoto ajitambulishe kuwa ni mtoto. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, sheria yake inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie watu walio chini ya miaka 16 kumiliki akaunti. Wapo miongoni mwetu wanaotamani sheria ya namna hiyo ivuke bahari. Ingeletwa kesho, ingemkuta mtoto wa Temeke hana akaunti ya kufungiwa. Angeendelea kutazama kwa jina la mamaye.

Grupu la darasa na picha zisizoalikwa

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na silaumu uamuzi huo. Kichekesho ni kwamba shule inayomkataza mtoto simu asubuhi ndiyo inayomlazimisha kuishika jioni. Mazoea hayo yalipata nguvu shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni 2020. Walimu waliohofia wanafunzi kusahau masomo waliunda magrupu ya WhatsApp ya wazazi, wakawa wanapiga picha maswali na kuyatuma. Shule zikafunguliwa, magrupu yakabaki. Leo, hasa kwenye shule binafsi za mijini, homuweki, ada, safari ya Bagamoyo na tangazo la kikao vyote hupita humo.

Sasa mfuate mtoto wa darasa la nne anavyoifikia homuweki yake. Anafungua WhatsApp ya mama. Kabla hajalifikia grupu la darasa, anapita grupu la kikoba, grupu la ukoo, grupu la kazini kwa mama, na yale mazungumzo na shangazi ambayo hayakuandikwa ili mtoto ayasome. Akiingia kwenye galari kutafuta ukurasa uliotumwa na mwalimu, anakutana na kila kilichoingia siku hiyo, maana WhatsApp isiporekebishwa huhifadhi picha na video kwenye simu bila kumuuliza mtu. Majeruhi wa ajali ya basi amelala pembeni ya hesabu za sehemu. Klipu ya aibu aliyoituma rafiki wa baba "kwa ajili ya kucheka" iko juu ya ramani ya Afrika.

Nani kamwonyesha mtoto picha hizo? Hapo hakuna mhalifu aliyejificha nchi ya mbali. Ni sisi, kwa mazoea yetu ya kupokea kila kitu na kutofuta chochote.

Dawa yake haihitaji fundi. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe, na nyingine ya kuzuia zisionekane kwenye galari. Simu nyingi za Android zinaweza kufungia programu moja kwenye kioo, mtoto asiweze kutoka humo mpaka mwenye simu aweke namba ya siri. YouTube ina toleo lake la watoto. Dakika kumi za Jumapili zinatosha kuyapanga yote hayo, na asiyejua yumo nyumbani au jirani kijana wa kumsaidia.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Anaweza kuandika homuweki kwenye daftari kama ilivyokuwa miaka yote, grupu likabaki la wazazi na matangazo yao. Hesabu kumi za kujumlisha hazina sababu ya kupita California ndipo zifike Tabata.

Anayekuja kwa jina tunalolijua

Onyo tunalowapa watoto mara nyingi ni moja: usiongee na watu usiowajua. Ni onyo jema, lakini linaacha pengo kubwa. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania, uliotolewa mwaka 2022, ulikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa vitendo vya wazi vya unyanyasaji na unyonyaji wa kingono kupitia mtandao. Hao ni kama watoto 200,000, na darasa la sita na la saba wamo ndani ya umri huo. Jambo la kututoa usingizini zaidi ni kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu huyo haanzi na maneno machafu. Anaanza na salamu. Anauliza kama mtoto ameshakula, anamsifia matokeo ya mtihani, anamtumia bando. Siku nyingine anaomba picha ya kawaida. Baadaye anaomba nyingine, kisha linakuja lile neno ambalo kila mtoto wa shule ya msingi anapaswa kufundishwa kulishtukia: "Usimwambie mama." Picha ikishatumwa, upole unageuka vitisho.

Simu ya kuazima inamrahisishia kazi. Anayemjua mtoto anajua pia saa ambazo simu ya mama iko mikononi mwake. Anajua kumwelekeza afute mazungumzo kabla ya kuirudisha. Mama anapokea simu safi, anaangalia salio, analala.

Je, mtoto akijikaza akasema, tunampokeaje? Katika nyumba nyingi swali la kwanza ni "Ulikuwa unafanya nini humo?" Linafuata kofi, kisha simu inanyang'anywa mwezi mzima. Mtoto amejifunza somo moja tu hapo: kusema kunagharimu. Safari ijayo atanyamaza, na aliyemtisha alikuwa anaomba hivyo hivyo. Waswahili wameshatufundisha kwamba mjumbe hauawi. Sheria hiyo ya kale ingefaa ibandikwe ukutani katika kila nyumba yenye simu janja: mtoto anayekuja kusema hapigwi, hafokewi, wala hanyimwi simu kwa sababu ya kusema.

Akishasema, mtu mzima ana kazi ya kufanya kwa utulivu. Asifute ujumbe, kwa kuwa ndio ushahidi. Asimpigie mtuhumiwa kumtukana, maana atampa nafasi ya kufuta upande wake. Na kama kuna picha ya mtoto isiyofaa, asiitume kwenye grupu la ukoo kwa nia ya "kuwatahadharisha wengine". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na aliyeituma kwa hasira naye ameisambaza. Simu ipelekwe ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Anayetaka kwanza ushauri, au mtoto anayeogopa nyumba yake mwenyewe, anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haitozwi senti. Ni watoto wangapi wanaoijua namba hiyo kwa kichwa kama wanavyoijua namba ya siri ya mama?

Karani wa nyumba ana miaka 11

Swali hilo la namba ya siri sikuliuliza kwa utani. Katika kaya nyingi mwanafunzi wa darasa la tano ndiye mtaalamu wa simu. Ndiye anayemsomea bibi ujumbe, anayemnunulia baba bando, anayetumwa kwa wakala na karatasi yenye tarakimu nne. "Mwanangu, hebu niangalizie salio." Tunamkabidhi hazina ya nyumba halafu tunasema bado ni mdogo mno kufundishwa kuilinda.

Chukua ujumbe ambao Watanzania wengi wameshaupokea: ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Umeandikwa makusudi kana kwamba ni mwendelezo wa mazungumzo. Unamnasa mtu aliyekuwa anasubiri kutuma ada, kodi ya chumba au fedha za mbolea. Bibi mwenye kitochi kijijini haoni vizuri. Anamwita mjukuu, mjukuu anasoma kwa sauti, bibi anaitikia, "Kweli, baba yako alisema anataka hela." Hapo akiba ya msimu mzima imesimama juu ya akili ya mtoto mmoja.

Akiwa hajafundishwa, atabofya tarakimu anazoambiwa. Akiwa amefundishwa, atasema, "Bibi, tusitume kwanza. Tumpigie baba kwa namba yake ile ya siku zote." Simu moja fupi, na mbolea imepona. Ujumbe wenyewe wataupeleka kwenye namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli. Ndiyo maana nasema elimu hii isionekane kama kinga ya mtoto peke yake. Mwanafunzi mmoja anayejua kushuku ni kinga ya ukoo mzima, wakiwemo watu wazima waliokwenda shule kabla ya simu kuwapo.

Upande wa pili wa ukarani huo ni wajibu. Tumezoea kumtazama mtoto kama mtu wa kutendewa tu. Watoto hao hao ndio wanaotengeneza stika kwa picha ya mwenzao aliyejikojolea, wanaomrekodi mwalimu kwa siri, wanaosambaza uvumi kwamba shule kesho imefungwa. Laini wanayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za mama. Ujumbe wa matusi ukifika kwa mzazi mwingine, jina linaloonekana ni la mama, na ugomvi wa darasa la sita unakuwa ugomvi wa mtaa. Sheria ile ile ya 2015 inagusa uonevu wa mtandaoni na taarifa za uongo, na kusema "alikuwa mtoto" hakurudishi ujirani uliovunjika.

Mtoto hahitaji kusomewa vifungu. Apewe kipimo anachokielewa: je, unachotaka kutuma ungeweza kukisoma kwa sauti mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, na huyo unayemsema akiwa amesimama mbele yako? Kama huwezi, kifute.

Wa kwanza kuposti ni sisi

Tutamwambia nini mtoto kuhusu faragha wakati sisi tumeshaimaliza? Mtoto anazaliwa, picha yake inawekwa hadharani kabla kitovu hakijaanguka. Anamaliza chekechea, anapigwa picha na joho la mahafali, nembo ya shule kifuani, jina lake kamili juu ya keki na tarehe ya kuzaliwa chini yake. Akilia kwa sababu amekatazwa peremende, tunamrekodi ili watu wacheke. Akijua kucheza, shangazi anamfungulia ukurasa. Anayetaka kujua anasoma wapi, anaitwa nani na anatoka saa ngapi, hana haja ya kupeleleza. Tumemwandikia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Shule zinazojaza mabango na kurasa zao kwa nyuso za wanafunzi ili kuvutia wateja zinapaswa kuisoma vizuri. Mzazi anayeletewa fomu ya kujiunga yenye kurasa nane ana haki ya kuuliza picha za mwanawe zitatumika wapi na kwa muda gani, na ana haki ya kusema hapana bila mwanawe kuonekana mkorofi.

Lakini kuna hasara ambayo hakuna tume itakayoifidia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyekua akiona picha yake inachukuliwa na kutumwa bila yeye kuulizwa hata siku moja, anajifunza kwamba picha yake ni mali ya kila anayeiomba. Akiwa na miaka 12, mtu akimwomba "nitumie kapicha", kwa nini ashangae? Wapi alipata kuona mtu akikataa? Kumuuliza mtoto wa darasa la pili "Nikiweka hii picha ni sawa?" kunaonekana kama mchezo. Ni zoezi lake la kwanza la kujua kwamba anaweza kukataa.

Kunyang'anya hakutoshi

Wapo watakaosema haya yote ni kujisumbua, mtoto anyimwe simu mpaka amalize kidato cha nne. Ninawaelewa. Ni jibu jepesi, na kwa mtoto mdogo sana lina hekima ndani yake. Lakini nyumba haina ukuta wa kuzuia simu ya jirani, ya binamu aliyekuja likizo, au ya kondakta wa basi la shule. Aliyenyimwa kabisa bila kufundishwa hukutana na mtandao kwanza mahali ambapo mzazi hayupo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huu haulali.

Kunyima kuna gharama nyingine. Tangu 2014, katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zimekuwa zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto anakielewa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, visomwe bure. Kwa mtoto ambaye darasani wanagombea kitabu kimoja, simu ya mama kwa nusu saa ni kitabu kizima mkononi. Tunataka kumfungia na hilo?

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo ni la muda. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua na baba anayeegesha bodaboda saa nne usiku watakaa saa ngapi na mtoto kuangalia anachotazama? Swali hilo ni la haki. Wataalamu wanaoandika miongozo ya "tumia mtandao pamoja na mwanao" mara nyingi wanamfikiria mzazi anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Katika nyumba nyingi za mjini, msimamizi halisi wa intaneti ya mtoto ni dada wa kazi, ambaye pengine mwenyewe ana miaka 18 na simu yake imejaa TikTok. Je, kuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kipi mtoto aone na kipi asione? Tunamwonyesha mchele ulipo na dawa za mtoto zilipo. Simu tunaisahau.

Kwa mzazi asiye na muda, kanuni zinazofanya kazi ni zile zisizohitaji mlinzi. Simu inatumika sebuleni au uani, kamwe si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hailali na mtoto. Namba ya siri ya pesa haijulikani na mtoto hata akiwa mwaminifu vipi, kwani uaminifu wake hauzuii mwingine kumlaghai. Na simu inapoombwa, jibu linatanguliwa na swali: "Unataka kufanya nini nayo, na utamaliza saa ngapi?" Kanuni hizo zinamhusu pia dada wa kazi, kaka na mjomba anayekuja Jumapili. Sheria ya nyumba inayomfunga mtoto peke yake haidumu wiki mbili.

Chaki inatosha kuanza

Shuleni tumekuwa tukisubiri kompyuta. Tunasema somo la usalama mtandaoni litaanza umeme ukifika, vishikwambi vikigawiwa, mwalimu wa TEHAMA akipangwa. Wakati tunasubiri, mtoto wa shule isiyo na umeme anarudi nyumbani kwenye simu inayochajiwa kwa sola. Mtandao umemfikia kabla ya kompyuta ya shule.

Kushuku, kunyamaza, kuuliza, kukataa na kusema ni stadi zisizohitaji umeme. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuandika ubaoni ujumbe wa tapeli ukawa kifungu cha ufahamu: nani anaandika, anataka nini, neno gani linakuharakisha? Kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili kina nafasi ya igizo la dakika kumi, mwanafunzi mmoja akiwa mjomba anayeomba picha, mwingine akijifunza kusema hapana kwa sauti bila kuona haya. Mdahalo wa darasa la saba unaweza kujadili kama ni haki kumrekodi mtu bila ruhusa yake. Samaki mkunje angali mbichi. Darasa la tatu si mapema mno, na kidato cha pili ni kuchelewa.

Basi ombi langu liende kwa kamati za shule na walimu wakuu. Kikao cha kwanza cha wazazi mwakani kitajadili ada, chakula, sare na michango kama kawaida. Iongezwe ajenda moja ya nusu saa. Wazazi watoe simu zao palepale ukumbini, na walimu vijana wapite safu kwa safu kuwasaidia: picha zisijipakue, programu ifungiwe kwenye kioo, namba ya siri ibadilishwe, 116 ihifadhiwe. Wakubaliane kwamba homuweki itaandikwa kwenye daftari na kwamba picha ya mtoto haitapostiwa na shule bila idhini ya maandishi. Aliyekuja na kitochi naye akae, kwa sababu nyumbani kwake yuko anayesoma ujumbe kwa niaba yake.

Ajenda hiyo haihitaji mfadhili wala mchango wa mzazi. Inahitaji watu wazima wakubali kwamba anayepaswa kubadilika kwanza ni mwenye simu, kisha ndipo wamgeukie anayeiazima.